Jiwe la Msingi la Folda

Umma wote unatangaziwa kwamba kuanzia wiki hii Ofisi ya Kumbukumbu za Kuzaliwa itakuwa na folda mbili mpya.

Hivyo ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa langoni Jumatatu asubuhi, juu ya tangazo la zamani lililosema vyeti havitolewi. Lilikuwa na herufi kubwa na lilipigwa muhuri mara tatu, mmoja ukiwa kichwa chini. Folda ya kwanza, lilieleza, ni ya Usakinishaji. Folda ya pili ni ya Vitegemezi. Wananchi waliombwa kutulia, kutosukumana, na kuziunga mkono folda zote mbili bila ubaguzi.

Wananchi kwenye foleni walilisoma, wakatazamana. Baba mmoja mwenye kofia ya sufi akauliza kama folda zitagawiwa kwa kila kaya au ni kwa waliojiandikisha tu. Hakuna aliyejua. Kwa tahadhari, watu watatu wakaanzisha foleni ya pili.

Ndani ya ofisi, mtu pekee aliyejua folda ni nini alikuwa Fundi, msichana wa kompyuta, ambaye wiki iliyotangulia aliandika barua ya mistari miwili kuomba nafasi ya kuweka programu moja. Mistari miwili. Alidhani ufupi ni heshima. Katika ofisi ile barua fupi ni sawa na mtu aliyekuja msibani na kaptula.

Shida yenyewe ilikuwa hivi. Mashine ya kuchapa vyeti vya kuzaliwa ilikuwa imelala wiki ya tatu. Programu yake ya zamani ilikufa, na mpya ilifika ikiwa vipande vipande, kama kabati la kununua na kuliunganisha mwenyewe nyumbani. Ili kuviunga vipande hivyo ilihitajika programu nyingine, programu ya kujengea programu, iitwayo Nyundo. Nyundo nayo haina makuu. Inataka folda mbili: moja ya kukaa yenyewe, nyingine ya kuweka vitegemezi vyake, yaani vijiprogramu vidogo inavyovitegemea ili ifanye kazi, kama seremala anavyotegemea misumari, futikamba na penseli ya sikioni. Ukiipa nafasi yake mbali na vitu vya watu, inatulia na wala huisikii. Kazi ya dakika kumi na mbili. Kumi, kama hakuna anayekusimamia.

Na Fundi alikuwa na haraka kuliko ofisi nzima ikijumlishwa. Kwenye ile foleni alikuwemo dada yake, na mkononi mwa dada yake alikuwemo Kasuku, mtoto wa kike wa miaka sita, aliyepewa jina hilo kwa sababu akiamka, mdomo ndio unaotangulia. Mwalimu mkuu alikuwa amesema neno moja tu: cheti cha kuzaliwa kiwe mezani kwake Ijumaa kabla hajafunga ofisi, la sivyo dawati la Kasuku atapewa mwingine, na Kasuku asubiri mwaka mzima.

"Mama mdogo," Kasuku alimuuliza Fundi pale langoni, "kwani bila karatasi mimi sijazaliwa?"

"Umezaliwa."

"Sasa hawanioni?"

"Wanakuona. Ila hawajathibitisha."

Kasuku akajitazama miguu, akaona ipo yote miwili, akanyamaza kwa sekunde nne. Mama yake akasema hiyo ni rekodi.

Saa tatu Fundi akaitwa kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi alikuwa mtu wa suti na wa miaka hamsini na nne. Umri huo alikuwa nao mwaka wa saba sasa, na haukuonyesha dalili ya kumchoka. Katika ofisi ile watu hustaafu wakifika sitini, kwa hiyo bado alikuwa na miaka sita, na kila mwaka ulipopita ilibaki sita ileile. Faili lake la ajira halikukaa masjala pamoja na ya wenzake. Alilihamishia kwenye folda yake mwenyewe ndani ya kompyuta kuu, folda iitwayo MKURUGENZI, akatoa waraka kwamba folda hiyo isitolewe nakala, kwa kuwa nakala ni mlango wa uvujaji. Mfumo wa ofisi ukitaka kujua kama Mkurugenzi yupo, ulichungulia humo, ukamwona, ukaridhika.

"Binti," alisema, "nimeisoma barua yako. Mara nne. Nilikuwa natafuta inapoanzia."

"Ni hiyo tu, bosi. Naomba folda mbili."

"Folda ni nini?"

"Ni mahali, bosi. Ndani ya kompyuta. Kama chumba hivi."

Mkurugenzi akaegemea kiti mpaka kikalia. "Kama ni mahali, kuna mipaka. Kama kuna mipaka, kuna majirani. Umeongea na majirani?"

"Majirani ni mafaili, bosi."

"Wamekataa?"

"Hawajakataa."

"Andika," Mkurugenzi akamwambia Mama Mihuri. "Majirani hawana pingamizi."

Mama Mihuri alikuwa katibu muhtasi wake. Alivaa mihuri mitatu shingoni kwa kamba, na kwa kuwa ilikuwa inagongana kila akicheka, alijifunza miaka mingi iliyopita kucheka kwa mabega tu. Aliandika. Mabega yakapanda, yakashuka.

Jumanne ikaundwa Kamati ya Folda, wajumbe tisa, na saa nne kamili ikafanya ziara ya kukagua eneo. Walikuja na kofia ngumu za njano na vizibao vya kung'aa, wakaizunguka kompyuta ya Fundi iliyokuwa kwenye chumba kisichowatosha watu wanne. Mjumbe mmoja akavuta futikamba, akapima kioo upana na urefu. Mwingine akataka kujua mvua ikinyesha maji yataelekea wapi.

"Humu hakunyeshi," alisema Fundi.

"Imeandikwa popote?"

"Haijaandikwa."

"Basi tusiseme hakunyeshi. Tuseme hakujanyesha."

Mkurugenzi, ambaye kofia yake ilikuwa nyeupe ili ajulikane, akainamia kioo. "Na hiyo Nyundo, nani ameijenga? Sheria inakataza kuingiza humu programu ambayo haikujengwa kwa zana iliyokwisha kuidhinishwa humu."

"Nyundo hujengwa kwa Nyundo, bosi."

Kamati ikakaa kimya. Kofia moja ikadondoka.

"Sasa ya kwanza ilijengwaje?"

"Unachukua toleo la zamani, dogo, lililokwisha kujengwa huko nje. Hilo linajenga jipya. Likimaliza, linaondoka."

"Linaondoka bila kelele?"

"Bila kelele."

"Bila kudai kuagwa?"

"Halidai kitu, bosi."

Mkurugenzi akatabasamu. Alikuwa amemkumbuka Mtangulizi wake, aliyeiongoza ofisi ile ikiwa bado chumba kimoja na meza moja, na ambaye alistaafishwa siku hasa aliyotimiza sitini, kwa sababu faili lake lilikuwa masjala ambako kila mtu angeweza kulisoma. Siku hizi anafuga sungura pembezoni mwa mji. "Toleo la zamani lina adabu," alisema. "Iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: toleo la zamani linaruhusiwa kujenga jipya, kisha liondoke."

Akataka kujua kuna folda za aina gani nyingine. Fundi, akidhani anasaidia, akamtajia Folda ya Muda: vitu vya kupita vinawekwa humo, na kila siku saa kumi jioni inasafishwa, chochote kilichobaki kinakwenda na maji. Mkurugenzi aliipenda mno. Kufikia mchana mabango yalikuwa yameshachorwa. Stoo ikaitwa Folda ya Kumbukumbu. Choo kikaitwa Folda ya Matokeo. Na lile benchi refu la ukumbini walipokaa wananchi likapigiliwa ubao: FOLDA YA MUDA. Saa kumi jioni mlinzi, mtu mnene aitwaye Lango, akapita na kengele akiwatoa wote nje, na namba zao za foleni zikafa palepale.

"Kesho tunaanza upya?" dada yake Fundi akauliza.

"Kesho ni kesho, dada," Lango akajibu. "Mimi nasafisha tu."

Jumatano ilikuwa zamu ya vitegemezi. Vilikuwa arobaini na kimoja, na Kamati iliamua kwamba hakuna kitegemezi kitakachoingia bila barua ya utambulisho, mdhamini na picha ndogo mbili.

"Bosi, havina sura," Fundi alisema.

"Ndiyo maana tunataka picha."

Ubishi ungemla siku. Fundi akatoka, akaenda ukumbini, akamchukua Kasuku, akamsimamisha mbele ya ukuta mweupe wa Folda ya Matokeo, akamwambia apige sura. Kasuku hakuhitaji kuombwa mara mbili. Alivimbisha mashavu, akapindisha macho, akatoa ulimi, akafumba jicho moja, akajifanya ana jino linauma, akajifanya mwalimu mkuu. Sura arobaini na moja, na kama simu isingeishiwa chaji zingefika mia.

Kamati ilizikagua moja moja.

"Huyu wa kumi na saba ana macho ya ujanja."

"Ndivyo alivyo, lakini anachapa kazi."

"Na anafanana sana na wa sita."

"Ni ndugu, bosi. Vitegemezi vingi ni vya ukoo mmoja."

Wajumbe wakatazamana. Watatu kati yao walikuwa mashemeji wa Mkurugenzi. "Ukoo mmoja kwenye ofisi moja," alisema mmoja wao taratibu. "Hatuoni tatizo."

"Huyu wa ishirini na tisa anafanya nini?"

"Anaweka nafasi tupu mwanzoni mwa mstari."

"Basi?"

"Basi."

"Siku nzima?"

"Akiitwa."

"Huyo ni mtumishi mzoefu," alisema Mkurugenzi. "Mpitisheni bila maswali."

Alhamisi lilibaki jambo moja tu: folda zenyewe zikae wapi. Fundi alikuwa ametenga mahali safi, pweke, pasipo na faili hata moja. Akampeleka Mkurugenzi kuona. Mkurugenzi akatazama kioo kitupu, uso ukamshuka.

"Hapa?"

"Ndiyo, bosi. Ni safi, hapagusi vitu vya mtu."

"Mradi mkubwa hivi unaupeleka porini? Wageni wakija niwaonyeshe nini, weupe?" Akasogea karibu, akateremsha sauti. "Nyundo itakaa kwangu. Ndani ya MKURUGENZI. Ikijengwa, ijulikane imejengwa kwa nani."

Fundi akageuza kiti. "Bosi, Nyundo kabla haijakaa inasafisha kwanza. Chochote kilichomo kwenye folda, inafuta."

"Usafi ni jambo jema."

"Na vya kwako vimo humo."

"Binti, mimi ndiye mwenye nyumba. Umeshaona mgeni anaingia kwako anatupa vyombo vyako nje?"

"Huyu ndivyo alivyo, bosi."

"Basi hajafika kwangu." Akatazama saa. "Kama una wasiwasi, uandike."

Fundi akaandika. Safari hii hakurudia kosa la mistari miwili. Alikaa mpaka jioni akaandika Taarifa ya Tahadhari ya kurasa tisa, yenye utangulizi, usuli, wigo na viambatisho, na kwenye ukurasa wa pili, kwa wino mzito, akaandika kwamba folda ya MKURUGENZI ikichaguliwa, kila kilichomo kitapotea na hakuna nakala. Kwa kuwa ilikuwa kurasa tisa, Mkurugenzi aliipima kwa mkono, akaridhika na uzito, akatia saini bila kuifungua. Mama Mihuri akaigonga mihuri yote mitatu.

"Mwanangu," akamnong'oneza Fundi, "umeandika vizuri sana. Hakuna atakayeisoma."

"Wewe umeisoma, mama?"

"Mimi nasoma kila kitu. Ndiyo maana siongei."

Ijumaa saa nne ikafanyika sherehe. Utepe mwekundu ulifungwa kukatisha kibodi. Juu ya kompyuta kuu liliwekwa jiwe la msingi, jiwe kweli la kilo nane, lenye kibao cha shaba kilichosema folda hii imezinduliwa na Mkurugenzi, na jina lake likafuata na vyeo vyake mpaka nafasi ikaisha. Hewa ya kupoza kompyuta ilitokea palepale chini ya jiwe, lakini hilo halikuwa kwenye ratiba.

Mkurugenzi akahutubu. Alisema kuna watu walisema folda haziwezekani. Hakuwataja. Alisema kuna nchi kubwa ambazo mpaka leo folda zao hazina jiwe la msingi. Kisha akakata utepe, akakaa, na kioo kikaandika:

"Folda iliyochaguliwa ni MKURUGENZI. Vyote vilivyomo vitafutwa na havitarudi. Andika NDIYO kukubali."

Mkurugenzi akayasoma maneno hayo kwa sauti, kwa mkazo uleule wa hotuba, na Kamati ikapiga makofi kwenye kila nukta.

"Bosi," alisema Fundi, "umeielewa?"

"Nimeisoma mbele ya umma. Unataka niiimbe?"

Akaandika NDIYO kwa kidole kimoja, herufi moja baada ya nyingine, akibonyeza kama anayekanda unga. Kioo kikafikiri. Folda ikasafishwa: picha za safari, hotuba za miaka mingi, na faili moja dogo la ajira ambalo halikuwa na pacha popote duniani. Toleo la zamani likaingia, likajenga jipya, likaondoka bila kuaga. Vitegemezi arobaini na kimoja vikaketi mahali pake, hata yule wa nafasi tupu. Nyundo ikaamka, ikaunga vipande vya programu ya vyeti, na kabla makofi hayajakauka mashine iliyolala wiki tatu ikakohoa na kutoa karatasi.

Mkurugenzi hakuiona. Alikuwa ameshatoka nje kupigwa picha.

Fundi aliishika ile karatasi. Ilikuwa cheti safi, cha mtu wa kwanza kwenye foleni. Ila pale chini, mahali pa saini, paliandikwa: Mkurugenzi: hayupo.

"Mama Mihuri, hiki kitakubalika?"

Mama Mihuri akavaa miwani. "Kanuni ya kumi na nne. Mkurugenzi asipokuwepo, muhuri wa katibu muhtasi unatosha. Aliitunga mwenyewe, kwa ajili ya zile safari zake." Akagonga. "Lete kingine."

Foleni ilianza upya baada ya sherehe, kwa heshima ya mradi, na namba zikagawiwa tena. Dada yake Fundi akapata hamsini na nane. Mashine ilikuwa inatoa vyeti kumi na mbili kwa saa. Fundi akapiga hesabu kichwani: itakuwa saa kumi kasoro kidogo. Hapo ndipo Lango hupita na kengele. Akabandua lile jiwe juu ya kompyuta ili mashine ipumue, akaliweka sakafuni, na vyeti vikaongeza mwendo kidogo.

Saa tano na robo, mlangoni kukawa na maneno. Kadi ya Mkurugenzi ilikuwa imekataa kufungua mlango.

"Mimi ni Mkurugenzi," alikuwa anamwambia Lango.

"Wote husema hivyo," alijibu Lango, ingawa hakuna mwingine aliyewahi kusema. Akapitisha kidole kwenye orodha. "Hapa naona Mkurugenzi, pembeni pameandikwa hayupo."

"Si niko hapa?"

"Uko. Lakini hupo."

"Lango, unanijua miaka kumi na mmoja."

"Nakujua, mzee. Lakini mimi sifungui kwa kukujua, nafungua kwa orodha. Uliniandikia barua ya onyo kwa hilo, ninayo nyumbani."

Mkurugenzi akaingia kama raia, kwa mlango wa raia, akafika dirishani kwa Fundi akihema. "Binti, nirudishe."

"Bosi, nakala ipo?"

Mkurugenzi akafungua mdomo. Akaukumbuka waraka wake. Akaufunga.

Fundi akampitishia zile kurasa tisa. "Ukurasa wa pili."

Alisoma kwa muda mrefu kuliko unavyostahili ukurasa mmoja. Mama Mihuri, kwa huruma, akamtolea Fomu ya Kuthibitisha Ajira. "Jaza hii, bosi. Hapa chini inatakiwa saini ya Mkurugenzi."

"Naisaini sasa hivi. Nipe kalamu."

"Bado. Ikishasainiwa ndiyo utakuwa Mkurugenzi."

"Na asaini nani?"

"Mkurugenzi."

Kukawa kimya, kimya kilekile cha Kamati siku ya Jumanne, ila sasa hakuna kofia ya kudondoka. Fundi akaona amsaidie. Alikuwa na roho nzuri, na zaidi ya hapo alitaka kuona itafika wapi. "Ni kama Nyundo, bosi. Tunahitaji toleo la zamani."

"Imo kwenye kumbukumbu za kikao," alisema Mama Mihuri. "Toleo la zamani linaruhusiwa kujenga jipya, kisha liondoke." Akanyanyua simu. Namba ya Mtangulizi aliijua kwa kichwa.

Mtangulizi alifika saa nane, amevaa buti za mpira, jani la kabichi linachungulia kwenye mfuko wa shati. Aliitazama ofisi yake ya zamani, akasoma ubao wa Folda ya Matokeo, akaingia humo kwanza, akatoka akiwa ameelewa.

"Mdogo wangu," akamwambia Mkurugenzi, "nasikia umejifuta."

"Ni hitilafu ya mitambo, kaka. Saini tu hapa."

Mtangulizi akasaini kwa furaha iliyopita kiasi, akarudia kuikoleza. Kisha akaisoma fomu, kitu ambacho hakuna aliyewahi kukifanya. "Hapa wanataka kiambatisho. Cheti cha kuzaliwa."

"Tarehe yangu naijua mwenyewe," Mkurugenzi alisema haraka.

"Mtu hawezi kujishuhudia, bosi," alisema Mama Mihuri. "Waraka namba nane. Wako."

"Mama Mihuri, na huo waraka tuufute."

"Sawa. Anayefuta nyaraka ni Mkurugenzi."

Ndivyo ilivyotokea kwamba Mkurugenzi akachukua namba ya foleni, hamsini na tisa, akakaa kwenye benchi la Folda ya Muda, suti na kila kitu, kando ya Kasuku.

Saa tisa na nusu akaanza kutazama saa kila dakika. Namba ilikuwa hamsini na nne. Akainama. "Mtoto mzuri, tubadilishane namba. Mimi nina haraka."

"Mimi nina dawati," alisema Kasuku.

"Mimi nina ofisi."

"Babu, kwani wewe umezaliwa?"

"Usiniite babu. Nimezaliwa, ndiyo."

"Wamethibitisha?"

Mkurugenzi akanyamaza. Kasuku akahesabu kwa vidole mpaka vikaisha, akamgeukia mama yake na kumwambia kwamba babu huyu amevunja rekodi.

Saa kumi kasoro dakika tisa ikaitwa hamsini na nane. Mkurugenzi akasimama pamoja na Kasuku na mama yake, akatangulia mguu mmoja, suti ikijaribu kupita kabla ya mwenyewe. Fundi alimwona. Aliona pia saa ya ukutani, na Lango kule mwisho wa ukumbi akiifuta kengele yake kwa leso.

"Bosi," akasema, "namba yako?"

"Binti, usisahau nani alikuajiri."

Fundi alielewa. Kesho kama mtu huyu akiwepo tena, yeye ndiye atakayekuwa hayupo. "Sijasahau," alisema. "Lakini mfumo umesahau. Hamsini na nane."

Mashine ikakohoa. Cheti kikatoka cha moto, Mama Mihuri akakigonga, na Kasuku akakishika kwa mikono miwili, akatafuta jina lake, akalipata. "Sasa nimezaliwa," akamwambia Lango, akamwambia Mtangulizi, akawaambia watu wote wa benchi mmoja mmoja, mpaka mama yake akamnyanyua kwapani na kutoka naye mbio. Shule ilikuwa mtaa wa pili. Kwa mbali walimsikia bado anawatangazia wapita njia.

"Hamsini na tisa," aliita Fundi.

Mkurugenzi akataja jina lake kamili kwa sauti ndogo. Nyundo ilikuwa imejenga kazi nzuri. Programu ikaenda moja kwa moja kwenye daftari la zamani lenye kumbukumbu za kweli, haikuuliza cheo, ikarudi na tarehe. Fundi akaisoma, akampa Mama Mihuri. Mama Mihuri akahesabu kwa vidole. Akahesabu tena kwa kikokotoo, kwa sababu ya heshima. Mabega yakaanza. Kisha kwa mara ya kwanza baada ya miaka mingi mabega hayakutosha, na mihuri mitatu ikagongana shingoni mwake ukumbi mzima ukasikia.

"Hongera, bosi," alisema alipopata pumzi. "Ulistaafu mwaka jana."

Kengele ikalia. Lango akapita akisema taratibu kwamba Folda ya Muda inasafishwa, kila mtu achukue chake. Mkurugenzi alibaki ameketi, cheti magotini.

"Lango, mimi nilikuwa..."

"Mimi nasafisha tu, mzee."

Mtangulizi akamshika mkono, akamwinua. "Twende, mdogo wangu. Kwangu kuna kazi. Nina sungura arobaini na mmoja, wote wananitegemea, na hakuna hata mmoja aliyeleta mdhamini."

Mkurugenzi akatembea hatua chache. Mazoea ni mazoea. "Wanakaa wapi?"

"Bandani."

"Hilo banda lilizinduliwa?"

"Halijazinduliwa bado."

Uso ukamrudia rangi kidogo. Akageuka, akapita dirishani kwa Fundi, akaokota lile jiwe la msingi sakafuni, kilo nane, akalipakata kama mtoto. Fundi hakumzuia. Jina lilikuwa lake.

Walifika langoni pamoja, mmoja na buti za mpira, mwingine na jiwe. Lango akanyoosha mkono.

"Samahani, mzee. Mali ya ofisi haitoki bila kibali."

"Kibali cha nani?"

"Cha Mkurugenzi," alisema Lango.

Akalitua palepale. Liko hapo mpaka leo, kibao kimetazama chini, limeegemea geti ili lisijifunge mchana, na foleni inapita.